Vikombe vya Zamu Yangu

"Mama Muna, sasa sisi utatukalisha wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Mama Fahim, na aliuliza akicheka, mbele ya wanawake wote wa darsa, siku ilipotangazwa kwamba Alhamisi ijayo ni zamu yangu. Hakuwa na ubaya. Mama Fahim ana sauti ya mtu aliyezoea kutuma watoto dukani, hata akikupa salaam unaangalia kama amekuwekea pesa mkononi. Lakini swali lake lilinikwama. Nilirudi nyumbani hapo Kiganjo nikasimama katikati ya chumba, nikatazama vitu vyangu kama mgeni anavyovitazama. Kulikuwa na benchi la mbao ambalo marehemu Hassan alilitengeneza mwenyewe na kuzidi kulitengeneza mpaka misumari ikawa mingi kuliko mbao. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki. Na mkeka.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Hassan alikuwa dereva wa lori la mananasi, na Mungu alimchukua mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa wa kifua. Nilipokuwa nimekaa eda, wanawake hao hao wa darsa ndio waliokuja na sufuria zao za wali wakanifulia na kunichotea maji, na zamu yangu wakairuka. Sasa eda ilikuwa imekwisha zamani na zamu imenifikia kama mtu yeyote. Nilitaka sana wakitoka kwangu waseme, huyu bado yuko sawa.

Darsa yetu ilikuwa kila Alhamisi baada ya swala ya Alasiri, nyumba kwa nyumba. Mwalimu wetu alikuwa Sumeya, binti mdogo tu anayefundisha madrasa, mpole, na mwenye kuvumilia ndimi nzito za watu wazima kama sisi. Mimi shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo Kiarabu changu kilikuwa cha kusikia, lakini nilikuwa nimeanza kuona herufi zikishikana. Tulikuwa tunapanda sura fupi kutoka mwisho wa msahafu, moja kila wiki, na maana yake. Kisha chai.

Na hiyo chai, kusema kweli, ilikuwa imeanza kuwa ndefu kuliko sura. Mmoja alileta kaimati, aliyemfuata akaongeza sambusa, wa tatu akaona bila keki atachekwa. Mama Fahim, ambaye mumewe ana duka la misumari na rangi kule Thika mjini, alipofikiwa na zamu alitoa thamosi tatu zenye maua, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumimina chai kutoka kwa birika. Vikombe navyo vilikuwa na mtindo wake. Miaka hiyo ilikuwa ni vile vya kioo cha rangi ya chai ya rangi. Mwenye vikombe vya bati alivificha chini ya kitanda. Vyangu vilikuwa chini ya kitanda.

Lakini niseme jambo lililonikalia zaidi ya vikombe. Nilitaka kuhama.

Hassan aliniachia kipande cha shamba Ngoliba, kule chini kwenye joto, na chumba kimoja cha mawe alichokuwa akikijenga polepole. Kuna mipapai, na kuna mizinga ya nyuki ambayo jirani yetu wa huko, mzee Kilonzo, ananisaidia kuitunza. Kila Jumamosi nilikuwa nikishuka huko. Nikirudi jioni na vumbi miguuni, watu wakidhani nimetoka Kimbo, Ruiru, kwa binti yangu Muna, sikuwasahihisha. Huko Ngoliba nilikuwa nikilala usingizi wa mchana kama mtoto. Naswali, nakaa chini ya mpapai, nasikia nyuki wakifanya kazi waliyoambiwa na Mola wao, na hakuna anayeniuliza nitamkalisha wapi.

Sasa kwa nini sikuhama? Kwa sababu ya siku nilipotoka eda. Mama Fahim alisimama akasema mbele ya watu kwamba mjane wa Hassan hataondoka Kiganjo, kwamba sisi ndio ndugu zake, na wote wakaitikia amina. Nilifurahi, nikalia kidogo. Lakini tangu hapo kila nilipotaka kutaja Ngoliba, uso wa Mama Fahim ulinitangulia. Niliona watasema ujane umemshinda, amerudi porini. Na kila Alhamisi darsa ikiisha, nilikuwa namsindikiza Mama Fahim mpaka kwenye geti lake, nikimbebea mkoba wa vitabu, nikingojea aseme neno zuri juu yangu. Akilisema, nilirudi nikiwa mwepesi. Asipolisema, nililala nikijiuliza nimemkosea nini.

Muna aliniambia mara moja, tukila kwake Kimbo, "Mama, wewe unangoja ruhusa ya nani? Baba hayuko, na mimi nimeshakubali." Nilimwomba aniongeze mboga.

Na mwenye ploti wetu, Nzomo, alikuwa mtu wa haki lakini hapendi maneno ya kesho kesho. Nilikuwa nimemdokezea kwamba huenda nikahama. Akapata mpangaji mwingine, akaniambia niamue kabla ya Ijumaa: nikisema nabaki, nibaki na tusirudie tena habari hiyo, maana hawezi kuweka watu roho juu. Kwa hiyo wiki ile ya darsa nilikuwa na mambo mawili. Ni lile la vikombe nililoanza nalo. Ndivyo nilivyokuwa.

Nilijipanga kwa akili. Nilijua nikiazima kwa wanawake wa darsa, watavitambua vyombo vyao. Kwa hiyo niliazima kwa Wakristo tu. Idah wa nyumba ya mbele, ambaye ni mtu wa kwaya, alinipa sofa seti yake yote na vile vitambaa vyeupe vya kroshia vya kuwekwa mgongoni. Alinipa kwa moyo mmoja, kwa sharti kwamba irudi kabla mumewe hajatoka kazini, kwa sababu ana kiti chake cha kulia ugali na hapendi kukikosa. Vijana wa ploti waliivusha uani, mguu mmoja wa kiti kikubwa ukalegea njiani, tukauwekea kipande cha tofali. Vikombe nilipewa na Gathoni wa duka, ndani ya karai, vimefungwa magazeti. Vya kioo, rangi ya chai, kama vya Mama Fahim kabisa. Akaongeza sinia na thamosi, akasema niende navyo tu, hata hajui vimekaa kwake tangu lini.

Nilipovisuuza niliona chini ya kila kikombe vitone vitatu vya rangi nyekundu ya kucha. Sikushtuka. Kila mwanamke wa Thika anaweka alama kwenye vyombo vyake, maana arusi na matanga vinachanganya sufuria za watu mpaka hujui uliondoka na ya nani. Nikasema, haya, Gathoni alama yake ni vitone. Nikaendelea kusuuza.

Alhamisi wakaja. Waliingia wakapiga salaam, wakaona sofa, na nikaona macho yakizunguka. Mama Fahim aliketi kwenye kiti kikubwa, kile cha tofali, akapapasa kitambaa cha kroshia kwa vidole viwili, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuta mtoto wake amepita mtihani. Moyo wangu ulijaa. Nilijiambia, Mama Muna, leo umefaulu.

Sura tuliyoifikia siku ile ni Al-Maun. Mwalimu Sumeya hakuichagua, ndiyo iliyokuwa inafuata. Tulisoma naye, kila mmoja akirudia, na nilipofikiwa mimi sikukosea hata mahali pamoja. Kisha akaeleza maana. Akasema sura hii inawasema watu wanaoswali huku roho zao ziko kwa wanaowatazama, watu wa kujionyesha. Na hao hao wanawanyima wenzao vitu vidogo vya nyumbani, ambavyo wanavyuoni wamevitaja kwa majina: chungu, ndoo, shoka, vitu vya kuazimana. Akasema imekuwaje mambo haya mawili yakawekwa pamoja, tufikirie.

Mimi sikufikiria. Nilikuwa nawaza kama chai imepoa.

Nikamimina. Kaimati zikapita, zikasifiwa. Maongezi yakapanda, wakaanza kumcheka mmoja wetu ambaye mumewe amenunua redio halafu hataki iguswe, anaifunika leso kama maiti. Nikaanza kustarehe. Ndipo Mama Fahim alipomaliza kikombe chake cha kwanza, akakigeuza kukung'uta majani ya chai yaliyobaki. Mkono ukabaki hewani.

"Mama Muna," akasema, "hivi vikombe ni vyako?"

Kulikuwa na njia nyingi za kukwepa. Lakini msahafu ulikuwa bado uko wazi pale mbele yangu. Nikasema nimeazima.

"Kwa nani?"

"Kwa Gathoni wa duka."

"Na Gathoni alivitoa wapi? Hii ni alama yangu mimi."

Kumbe Gathoni alipoletewa mahari ya dada yake, miaka miwili nyuma, aliazima vikombe kwa Mama Fahim, na Mama Fahim, kwa vile anaazimisha watu wengi na kila mtu lazima ajue, akasahau hivi vilikwenda wapi. Amewahi hata kumshuku msichana wake wa kazi. Sasa akawa anawaeleza wote, kwa sauti ile ya duka, akikizungusha kikombe wakione. Akasema yeye hakasiriki, lakini mbona nisiseme kwamba sina? Wangeniletea. Si wao ndio ndugu zangu? Kulikuwa na haja gani ya kuzunguka kwa watu wa kanisa, halafu niwanyweshe wenye vikombe kwa vikombe vyao?

Nilitazama mkeka, nikaona hauna pa kuingia.

Sasa, pembeni pale alikuwa Bi Kulthum. Bi Kulthum ndiye mkubwa wetu, macho yake yamefifia, na kwa kawaida hasemi ila amina. Alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono yote miwili, na kidole gumba chake kilikuwa kinatembea chini, polepole, kama mtu anayesoma tasbihi.

"Ati vitone," akasema. "Mimi mbona nagusa iksi?"

Watu wakamgeukia.

"Hii iksi niliikwaruza mimi mwenyewe kwa msumari. Mama Fahim, vikombe hivi ulivichukua kwangu Fahim akitahiriwa. Nilidhani vilivunjika, nikaona haya kukuuliza."

Kila mwanamke akakigeuza kikombe chake. Wengine hata hawakungojea kukimaliza, na chai ikaenda kwenye vitambaa vyeupe vya Idah. Na kweli, chini ya vitone vyekundu, ukiinamisha kioo kwenye mwanga, kila kimoja kina iksi iliyokwaruzwa. Mwingine akasema, hebu ngoja, hata ile sinia ya kaimati anaifahamu. Wa pili akauliza zile thamosi zenye maua zilikuwa za nani kweli. Mama Fahim akakigeuza chake tena, akaiona iksi. Mwalimu Sumeya ndiye aliyeanza. Alijiziba uso kwa mtandio, tukadhani analia, kumbe ni kicheko kimemshinda. Halafu nyumba nzima ikaangua. Bi Kulthum alicheka mpaka akaomba ashikwe mgongo.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote. Kwa sababu nilikuwa nimeiona ghafla ile njia yote: sisi kwa sisi tunaazimana vikombe, tukivileta mbele ya watu wale wale tulioazima kwao, ili watusifu kwa vitu vyao. Na mimi nilikuwa nimeizuia Ngoliba mwaka mzima kwa ajili ya sifa za namna hiyo.

Tukiwa bado tunapangusa machozi, mlango ukabishwa. Ni Nzomo. Hakuingia, aliona viatu vya wanawake vimejaa mlangoni akasimama nje, akaongea na pazia. Akasema asamehewe, lakini mtu wake amekuja na anataka kulipa leo leo, kwa hiyo Mama Muna aseme: anahama au hahami.

Kicheko kikakatika. Nikaona vichwa vyote vimenigeukia, na cha Mama Fahim kikiwa mbele kama kawaida. Nikangoja uso wake unizuie. Niliungojea kweli, kama mtu anayengojea meno yaume. Halikuja jambo.

"Nahama, Nzomo," nikasema. "Mwambie mtu wako nyumba itakuwa wazi mwisho wa mwezi."

Nzomo akashukuru pazia, akaenda zake.

Mama Fahim aliuliza nahamia wapi. Nikamwambia. Akasema Ngoliba kuna nini ila jua na mawe. Nikamwambia kuna nyuki na mipapai, na kaburi la mama mkwe wangu, na usingizi. Hapo akakumbusha yale aliyoyasema siku ya eda, kwamba alisimama mbele ya watu akaahidi. Hakuwa anapiga kelele tena. Nilimwonea huruma, maana niliona naye alikuwa na watu wake anaowaogopa.

"Watu watasema tulishindwa kukutunza," akasema.

"Watasema," nikamjibu. "Na wewe, dada yangu, ulinitunza. Niliula ule wali wako miezi minne na siku kumi. Lakini mimi naenda."

Nilishangaa jinsi ilivyotoka. Haikuwa na ukali wala haikuomba. Ilitoka kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Chai ilikuwa bado ipo, lakini vikombe vilikuwa vimeinuliwa na kuinamishwa mpaka mezani ni bahari. Nikapiga magoti nikaingiza mkono chini ya kitanda, nikatoa vikombe vyangu vya bati, vile vya buluu vyenye mdomo mweupe uliobambuka. Nikavisuuza, nikavipanga. Kisha nikatandika mkeka, kwa sababu nilikumbuka vitambaa vya Idah na nikaona heri viokolewe vilivyobaki. Mwalimu Sumeya alikuwa wa kwanza kushuka kwenye sofa. Bi Kulthum akashushwa, akanyoosha miguu, akasema tangu aingie ndio sasa amekaa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakisukumana kwa mabega, na mwenye mume wa redio akasema chai ya bati ina moto wa kweli, hii ya kioo inakuwa baridi kabla hujapiga bismillahi. Nikaenda jikoni nikachukua birika, jeusi kwa moshi, nikamimina mbele ya watu wote.

Mama Fahim peke yake ndiye aliyebaki juu, kwenye kiti cha tofali, na kikombe chake cha kioo. Nilipomfikia nilisimama na birika. Hakunitazama, lakini alikinyoosha. Nikamjazia mpaka juu.

Nilikaa chini kati ya wenzangu. Nikawaeleza habari za Ngoliba, jinsi mzee Kilonzo anavyoongea na nyuki kwa Kikamba na mimi nawasomea Bismillahi, na wao hawajali lugha. Wakauliza kama kuna nafasi ya darsa huko. Mmoja akasema wanaweza kushuka Jumamosi, kila mtu na chake. Bi Kulthum akasema yeye atakuja, lakini kikombe chake atakibeba mwenyewe. Tulicheka tena.

Mama Fahim akasimama. Kiti kikayumba kwenye tofali lake, kikatulia. Akajifunga mtandio vizuri, akatafuta mkoba wake wa vitabu kwa macho. Ulikuwa kando yangu, mahali ninapouweka kila Alhamisi ili niunyakue nimsindikize. Mguu wangu mmoja ulitaka kuinuka, kwa mazoea. Nikauacha ulale. Niliuchukua mkoba, nikampa mkononi hapo nilipokaa, nikamwambia asante kwa kuja, na Mungu akulipe kwa vikombe.

Akaupokea. Akatazama mkeka, akatazama birika, akamtazama Bi Kulthum kwa muda mrefu zaidi. Wote tulingojea. Akakanyaga katikati yetu kwa uangalifu, mkoba begani, kikombe bado mkononi na chai ndani yake. Mlangoni aliingiza miguu kwenye kandambili, akapiga funda moja, refu, la mtu anayeipenda chai, kisha akatoka nacho.